Meno ya Kahawia na Chumvi Isiyoyeyuka



Chukua kijiko kimoja cha chumvi ya jikoni. Kitie katika kikombe cha maji, kisha koroga. Baada ya muda mfupi huioni chumvi. Lakini onja maji hayo. Chumvi imo. Haikupotea, imeyeyuka.

Sasa chukua kijiko cha mchanga wa mto. Kitie katika kikombe kingine cha maji. Koroga mpaka mkono uchoke. Ukiacha kukoroga, mchanga unashuka chini na kukaa palepale.

Leo tujifunze habari za chumvi mbili. Moja huyeyuka kama chumvi ya jikoni. Nyingine hukaa kama mchanga. Zote mbili zina kitu kimoja ndani yake, nacho kinaitwa florini. Ile inayoyeyuka imeharibu meno ya watu wengi katika nchi yetu, na mimi ninayekuandikia ni mmoja wao. Ile isiyoyeyuka ndiyo inayotusaidia kuitambua ile ya kwanza, hata inapojificha katika maji au katika chungu cha maharage.

MTOTO ALIYEZIBA MDOMO

Siku moja ya kliniki ya watoto, alikuja mama mmoja katika zahanati yetu huku milimani Lushoto. Mgongoni alimbeba mtoto wa kiume wa mwaka mmoja, aliyeletwa kupimwa uzito. Pembeni yake alisimama binti yake wa miaka tisa. Binti huyo alikuwa ameziba mdomo kwa pindo la kanga ya mama yake.

Nilipomaliza kumpima mdogo, mama alimwambia binti, "Hebu mwonyeshe daktari."

Binti alifungua mdomo. Meno yake ya mbele yalikuwa ya kahawia, yenye mistari meupe kama chaki. Mengine yalikuwa na vishimo vidogo vidogo. Meno ya kushoto yalifanana na ya kulia.

"Daktari," mama alisema, "huyu anapiga mswaki kila asubuhi. Nimemsugua kwa mkaa. Nimemsugua kwa majivu. Nimemsugua kwa mchanga laini mpaka fizi zikatoka damu. Hayatoki. Shuleni wanamwita Kutu. Sasa mwalimu akimwambia asimame asome kwa sauti, hataki. Anajua kusoma, lakini hataki kufungua mdomo."

Sikumjibu kwa maneno. Niliinama na kufungua mdomo wangu.

Mama alitazama. Kisha akashika kiuno. "Kumbe hata wewe, mwanangu!"

Mimi sikuzaliwa Usambara. Nilizaliwa Arumeru, chini ya Mlima Meru. Huko tuna mto unaoitwa Maji ya Chai, kwa sababu ya rangi ya maji yake. Watu wengi wa upande ule wana meno kama yangu. Tulipokuwa wadogo hatukuona ajabu, maana tulifanana. Niliona ajabu nilipokwenda chuoni. Mkufunzi mmoja alinitoa mbele ya wenzangu. Akaniambia nikapige mswaki kwanza ndipo niguse mgonjwa. Nilitoka. Nilipiga mswaki. Nilirudi na meno yaleyale.

Kwa hiyo, msomaji, jambo la kwanza ni hili: meno ya namna hii si uchafu. Rangi imo ndani ya jino lenyewe. Iliingia jino lilipokuwa bado linajengwa ndani ya fizi. Kulisugua kwa mchanga ni kulimaliza jino bure.

FLORINI NI NINI?

Florini ikiwa peke yake ni hewa ya rangi ya manjano hafifu, yenye sumu kali. Lakini huwezi kuikuta ikiwa peke yake katika shamba lako au katika kisima chako. Ni kitu kisichopenda upweke. Hukamata kitu kingine mara moja na kung'ang'ania. Ikishikana na madini mengine, huzaliwa chumvi inayoitwa floraidi.

Floraidi zipo za aina nyingi. Kinachozitofautisha ni madini yaliyoshikana na florini.

Yako madini yaitwayo sodiamu. Hayo ndiyo yaliyomo pia katika chumvi ya jikoni na katika magadi. Sodiamu ina mkono mmoja tu. Hushika florini moja, tena kwa ulegevu. Ukiitia chumvi hiyo katika maji, wanaachana. Florini inatembea huru ndani ya maji. Ukiyanywa, inaingia tumboni, kisha katika damu, kisha katika mifupa na meno.

Yako na madini mengine yaitwayo lanthanamu. Haya yana mikono mitatu. Lanthanamu moja hushika florini tatu, nazo haziponyoki kwa urahisi. Chumvi yao inaitwa floraidi ya lanthanamu. Ukiitia katika maji, inakaa chini kama ule mchanga wetu wa mto.

Florini ni ileile. Tofauti ni nani ameishika. Tutarudi kwa lanthanamu baadaye kidogo. Kwanza tumalize habari ya yule binti.

MAJI HAYAKUWA NA KOSA

Nilimwuliza mama, "Binti alikulia wapi?"

"Hapahapa. Hajawahi kutoka Lushoto."

"Mnakunywa maji ya wapi?"

"Ya chemchemi."

Hapo nilishangaa. Nyumbani kwetu Meru, lawama ni ya mlima wenyewe. Meru ni mlima wa volkano. Mawe yake na majivu yake ya zamani yana florini nyingi. Maji yakipita humo yanaichukua. Katika maziwa ya Momella, karibu na Meru, floraidi hufika mamia ya miligramu katika lita moja ya maji. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 tu kwa lita.

Lakini Usambara si milima ya volkano. Mawe yake ni ya kale sana, ya aina nyingine, na maji ya chemchemi zake kwa kawaida yana floraidi kidogo. Sasa meno ya binti huyu yaliharibiwa na nini?

Nikauliza habari ya chakula.

"Makande," alisema mama. "Sisi ni watu wa makande."

"Mnayalainisha kwa nini?"

"Kwa magadi. Yale ya mabonge, ya sokoni. Bila magadi maharage hayaivi upesi."

"Na binti alipoanza kula, ulimpa nini?"

"Supu ya maharage, na makande yaliyopondwa. Yalikuwa laini. Aliyapenda sana."

Msomaji, hapo ndipo nilipopata mashaka. Magadi ya mabonge hayatoki Usambara. Mengi hutoka katika Bonde la Ufa, kwenye Ziwa Natron na sehemu nyingine zenye maji ya chumvi. Huko kuna milima ya volkano, kama vile Ol Doinyo Lengai. Maji hushuka kutoka milimani na chemchemi za moto yakiwa yamebeba magadi na floraidi. Yakifika ziwani hayana mahali pa kutokea. Jua kali huyakausha. Yanabaki mabonge meupe au ya kijivu. Watu huyachimba, huyakusanya na kuyapeleka sokoni. Floraidi nayo husafiri humohumo ndani ya gunia, bila kuonekana. Haina harufu, wala huwezi kuijua kwa kuonja.

Wataalamu wamepima magadi ya aina hiyo mara nyingi. Wameona kwamba mabonge hayafanani. Kilo moja ya mabonge mengine ina makumi tu ya miligramu za floraidi. Kilo ya mengine ina maelfu.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme kilo moja ya magadi ina miligramu 5,000 za floraidi. Basi gramu moja ina miligramu 5. Gramu moja ni kipande kidogo sana, kama punje chache za mahindi. Miligramu 5 ni zaidi ya floraidi iliyomo katika lita tatu za maji yenye kile kipimo cha 1.5. Tena sufuria ya makande ya watu wengi haitiwi gramu moja tu. Wewe mwenyewe unajua unatia bonge la ukubwa gani.

Jambo hili si la Lushoto peke yake. Mwaka 1998 wataalamu wa meno walitoa taarifa ya uchunguzi wao uliolinganisha vijiji vya nchi yetu. Mojawapo ya sehemu walizochunguza ni Kibosho, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Maji ya kunywa ya Kibosho yalikuwa na floraidi kidogo sana. Hata hivyo watoto wake walikuwa na meno yaliyoharibika vibaya. Kule Chanika, karibu na pwani, maji pia yalikuwa na floraidi kidogo, na meno ya watoto yalikuwa mazuri. Basi huwezi kulaumu maji peke yake. Ndiyo maana wataalamu wengi wamegeuza macho kutazama chakula, na katika chakula, magadi.

MADINI YALIYOJIFICHA

Sasa turudi kwa lanthanamu, yule mwenye mikono mitatu.

Lanthanamu ni mojawapo ya madini yanayoitwa madini adimu. Jina hilo linadanganya kidogo. Madini haya si adimu kama dhahabu. Mwenzake mmoja, seriamu, amejaa ardhini karibu sawa na shaba. Taabu yake ni kwamba yamechanganyikana, na kuyatenga moja moja ni kazi kubwa. Seriamu iligunduliwa mwaka 1803. Ilichukua miaka 36 mingine kugundua kwamba ndani ya chumvi za seriamu kuna madini mengine. Aliyeyaona ni Carl Gustaf Mosander wa Sweden, mwaka 1839. Akayapa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kujificha.

Hapa Tanzania madini haya tunayo. Yapo katika kilima cha Ngualla, mkoa wa Songwe, na katika kilima cha Wigu, mkoa wa Morogoro. Katika mawe ya vilima hivyo, lanthanamu na seriamu zimeshikana na florini ileile ninayokueleza. Zimekaa hivyo miaka mingi kupita kiasi, mvua ikinyesha juu yake.

Ukiona floraidi ya lanthanamu ambayo imesafishwa, utaona unga mweupe. Ni mzito, karibu mara sita ya uzito wa maji ya ujazo uleule. Jiko la kuni haliwezi kuiyeyusha. Inahitaji joto la karibu nyuzi 1,500. Maji hayaiyeyushi. Asidi kali, pamoja na joto, inaweza kuivunja, na hapo hutoka hewa yenye sumu ya kuunguza mapafu. Kwa hiyo si kitu cha kuchezea, hata kama ni tulivu ndani ya maji.

Ukiwa na maji safi yaliyoyeyushwa chumvi ya lanthanamu, na maji mengine yaliyoyeyushwa floraidi, ukayachanganya, utaona jambo la kupendeza. Maji yote mawili yalikuwa maangavu. Mara yanakuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Baada ya muda weupe unashuka chini. Lanthanamu imezikamata florini zilizokuwa zinatembea huru. Zimekuwa chumvi isiyoyeyuka.

Najua unachofikiri sasa. Unataka kuniuliza, "Basi kwa nini tusitie lanthanamu katika kisima?" Hapana. Usitie kitu chochote katika maji ya kunywa kwa kusikia habari zake tu. Huwezi kupima kwa macho, na kinachobaki katika maji huwezi kukijua. Kazi ya chumvi hii ambayo inatuhusu sisi ni nyingine.

KIFIMBO KINACHOTAMBUA

Mwaka 1966, Wamarekani wawili, Martin Frant na James Ross, walitangaza chombo kipya. Kinafanana na kalamu nene. Kwenye ncha yake pamewekwa kipande chembamba cha floraidi ya lanthanamu, kigumu na kiangavu kama kioo. Waliichanganya na kiasi kidogo sana cha madini mengine adimu, yuropiamu, ili kufanya nafasi ndogo ndogo ndani yake.

Fikiria ukuta uliojengwa kwa matofali, wenye matundu machache. Matundu yale ni ya kipimo cha florini. Florini moja ikihamia tundu la jirani, inaacha tundu nyuma yake, na nyingine inaingia hapo. Hivyo florini hupokezana nafasi ndani ya kioo kile, ingawa chenyewe hakiyeyuki. Vitu vingine vingi vilivyomo katika maji haviwezi kuingia.

Ndani ya kifimbo kuna maji yenye floraidi ya kiasi kinachojulikana. Nje ni maji unayotaka kupima. Kama kiasi cha ndani na cha nje kinatofautiana, hutokea nguvu ndogo ya umeme kati ya pande mbili za kioo, kama ya betri dhaifu sana. Mashine inaisoma nguvu hiyo, na mtaalamu anajua maji yana floraidi kiasi gani.

Nilipeleka chupa ya maji ya ile chemchemi na bonge la magadi ya yule mama kwenye maabara ya maji. Nilisafiri na bonge hilo ndani ya mfuko wa shati, na kondakta wa basi akaniuliza kama ninauza magadi. Mtaalamu alinionyesha kifimbo. Kwanza alikitumbukiza katika maji ya chemchemi. Floraidi ilikuwa chini sana ya kipimo. Kisha aliyeyusha kipande cha magadi katika maji. Lakini hakupima mara moja. Alitia dawa ya kupunguza ukali wa magadi kwanza.

Nilimwuliza sababu. Akaniambia kwamba maji ya magadi yana chembe nyingi ambazo ukubwa wake unakaribia ule wa florini. Zinaweza kukidanganya kifimbo, kikazihesabu kama florini. Ukizituliza chembe hizo, kifimbo kinasema kweli. Nilipenda jibu hilo. Hata chombo chenye akili kinahitaji mtu anayejua kukiuliza.

Magadi yalipopimwa, mtaalamu alitikisa kichwa. "Haya usimpe mtoto," alisema.

JINSI INAVYOHARIBU

Floraidi kidogo haina ubaya. Hata huyapa meno nguvu ya kupambana na kuoza. Ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Ubaya huja inapozidi, na inapozidi katika umri mbaya.

Umri huo ni tangu kuzaliwa mpaka karibu miaka minane. Wakati huo meno ya kudumu yanajengwa ndani ya fizi, ingawa huyaoni. Kwa meno ya mbele, hatari kubwa ni katika miaka mitatu hivi ya kwanza. Huo ndio wakati mtoto anaanza supu ya maharage. Floraidi ikizidi, jino halikomai vizuri. Linatoka fizini likiwa na mistari meupe au mawingu kama chaki, kisha linachukua rangi ya kahawia. Likiharibika sana linamegeka.

Mtu mzima akianza kula floraidi nyingi, meno yake hayabadiliki rangi kwa sababu hiyo. Yamekwisha jengwa. Lakini mifupa haipumziki. Mtu akila au akinywa floraidi nyingi sana kwa miaka mingi, mifupa inaweza kuwa minene na viungo kukakamaa. Shingo inakuwa ngumu kugeuka. Mgongo unauma. Watoto wengine miguu hupinda. Kule kwetu nimewaona wazee wasioweza kuinama kuchukua fimbo iliyoanguka. Ugonjwa huu wa mifupa hauna dawa ya kuurudisha nyuma.

Serikali imelijua jambo hili muda mrefu. Mwaka 1974, kwa sababu ya shida ya maji vijijini, ilikubali kwa muda kiwango cha miligramu 8 kwa lita. Baadaye kilishushwa mpaka 4, na kisha mpaka 1.5. Kule Ngurdoto, Arumeru, kuna kituo kinachochunguza namna ya kuondoa floraidi katika maji. Wanatumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwa hewa kidogo, inasagwa, na maji yanapitishwa humo. Mfupa, hata ukichomwa, bado una tabia yake ya kukamata florini.

KUNI ATAKATA NANI?

Nilimweleza yule mama habari hizi kwa kifupi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliniuliza swali ambalo chuoni hawakunifundisha jibu lake.

"Sawa, mwanangu. Nikiacha magadi, makande yataiva saa ngapi? Na kuni atakata nani? Wewe?"

Ni swali la haki. Huku kwetu milima ni mikali na kuni ni za kutafuta. Misitu mingine imehifadhiwa, na ni vizuri ihifadhiwe, maana chemchemi zetu zinatoka humo. Mwanamke anatia magadi kwa sababu yanampunguzia safari ya kuni. Mganga asiyelitambua hilo asubiri kuchekwa.

Tukakaa, yeye na mimi na muuguzi wetu, ambaye ni mzaliwa wa hapa na amepika makande mengi kuliko siku nilizoishi. Muuguzi ndiye aliyesema zaidi.

Maharage na mahindi yalowekwe usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi maji hayo yamwagwe, yatiwe mengine. Mahindi yatwangwe kwanza kuondoa ganda. Sufuria ifunikwe vizuri, na moto uwe mdogo usiozimika. Maharage ya msimu huu yapikwe makande. Yale ya zamani yaliyokauka sana ni magumu zaidi. Ukipika hivyo, kuni zinazoongezeka si nyingi. Kuna na faida nyingine: magadi huharibu vitamini mojawapo iliyomo katika maharage, inayosaidia mishipa ya fahamu. Usipotia magadi, unaila.

Ikiwa mama hawezi kuacha magadi kabisa, basi asiwape watoto walio chini ya miaka minane chakula kilichotiwa magadi ya mabonge. Awatengee chungu chao. Yale magadi ya unga yaliyosafishwa kiwandani, ya kuumulia maandazi, si sawa na ya mabonge. Yametolewa floraidi. Lakini vitamini nayo huiharibu vilevile.

Kama unaishi mahali penye maji ya floraidi nyingi, ujue kuwa kuyachemsha hakuondoi floraidi. Kuchemsha kunaua vijidudu, na ni lazima. Lakini maji yanayogeuka mvuke yanaiacha floraidi nyuma, sufuriani. Maji ya mvua yanayokingwa kwenye bati safi yana floraidi kidogo sana. Yawekee watoto wadogo.

Na chai. Tunalima chai huku Usambara na tunaipenda. Lakini mchai nao hukusanya florini kutoka ardhini na kuiweka majanini. Mtu mzima asiogope kikombe chake. Mtoto mdogo asipewe chai nzito. Dawa ya meno kwa mtoto wa miaka chini ya mitatu iwe kama punje ya mchele, na afundishwe kutema.

Kwa binti yule wa miaka tisa, sikuwa na dawa ya kumpa. Nilimwandikia barua aende kwa mganga wa meno. Huyo anaweza kupaka au kuziba meno ya mbele kwa kitu cha rangi ya jino, yasionekane. Lakini nilifanya jambo jingine pia. Nilikwenda shuleni kwao. Nilisimama mbele ya darasa lake, nikafungua mdomo, nikasoma ukurasa mmoja wa kitabu chao kwa sauti. Watoto walicheka mwanzoni. Kisha wakachoka kucheka. Mwalimu aliniambia kwamba juma lililofuata binti alisoma mistari minne, mkono ukiwa karibu na mdomo.

Yule mdogo wa mgongoni anaendelea vizuri. Mama yake analoweka maharage usiku. Siwezi kukuambia kwamba meno yake yatakuwa meupe. Meno ya kudumu ya mbele hutoka mtoto akiwa na miaka sita mpaka minane. Nimeandika jina lake katika daftari langu, nami nitayatazama siku hiyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

Katika kijiji chenu, ni nani hutia magadi katika chakula, na magadi hayo hutoka wapi? Watoto wangapi wana mistari meupe au ya kahawia kwenye meno ya pande zote mbili, na walikula nini walipoanza kula? Pika sufuria mbili za maharage ya aina moja, moja ya maharage yaliyolowekwa usiku kucha, nyingine bila kuloweka. Hesabu kuni za kila sufuria, kisha uandike hesabu yako ukutani mwa darasa ili wengine waisome.